iNaturalist kwa buibui anayejificha bustanini: inaweza nini, inakwama wapi

Kumtambua buibui aliyefanana na gome au ua, iNaturalist ndiyo programu ya bure ninayoipendekeza kwanza, kwa sababu nyuma ya mashine yake kuna watu wanaotazama picha unazotuma na kutaja jina la kiumbe. Ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Jina la kwanza unalopewa ni la mashine inayolinganisha picha, na buibui wa namna hii huisumbua. Akionekana mdogo katikati ya petali, mashine yaweza kukutajia ua lenyewe. Kata picha mpaka buibui aijaze, kisha iweke ya kwanza, maana mapendekezo hutokana na hiyo moja.

Picha zinazofuata ni kwa ajili ya hao watu watakaomtambua: mgongo kutoka juu, uso kwa mbele ili mpangilio wa macho uonekane, na tumbo kwa chini. Hiyo ya chini ndiyo ngumu. Mfunike buibui kwa glasi angavu, pitisha karatasi ngumu chini yake, geuza, subiri atembee kwenye kitako cha glasi, piga picha kutoka chini. Zima flashi, kioo hurudisha mwanga. Andika pia kama alikuwa na utando.

Rangi isikudanganye. Misumena vatia, buibui anayevizia kwenye maua, akiwa mweupe hugeuka wa njano akihamia ua la njano, ingawa humchukua siku kadhaa. Tazama miguu: jozi mbili za mbele ni ndefu na nene, zimetandazwa pembeni kama za kaa. Buibui bapa aliyelala kwenye gome, mwenye viungo viwili virefu vya kutolea uzi nyuma ya tumbo, ni wa familia ya Hersiliidae.

Jina la spishi huthibitishwa pale zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wanapokubaliana, wasiopungua wawili. Buibui wengi huishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, na hapo programu haina kosa: spishi nyingi hutenganishwa kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini, navyo kwa wachanga havijakomaa. Anayekutajia spishi papo hapo kwa picha moja yenye ukungu, muulize ameona nini.

Kama bustani iko nyumbani, chagua kuficha mahali kabla ya kutuma. Ramani itaonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya eneo la digrii 0.2 kwa 0.2 za latitudo na longitudo.

Seek, programu nyingine iliyotengenezwa na hao hao wa iNaturalist, haihitaji akaunti na inawafaa watoto. Lakini ndani yake hakuna mtu wa kukusahihisha, na kwa buibui anayejificha hilo ni pengo kubwa mno.