Hadithi Fupi za Uskoti katika Maktaba ya Bure: Tathmini ya Msomaji wa Kisumu

Msomaji wa Kisumu anayetamani hadithi fupi za Uskoti hana haja ya kusubiri kitabu kiagizwe kutoka ng'ambo. Kazi za waandishi walioijenga fani hiyo zimo katika Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1971, na mwenye simu anaweza kuzipakua bila kulipia chochote isipokuwa bando. Nimeitumia maktaba hiyo kwa ajili ya hadithi hizi, nami naipendekeza kwa dhati, ingawa ina mapengo ambayo mpenzi wa fasihi anapaswa kuyafahamu mapema.

Hadithi iliyonigusa kuliko zote haionekani kwa urahisi. Walter Scott aliiweka "Wandering Willie's Tale" ndani ya riwaya yake Redgauntlet ya mwaka wa 1824, kwa hiyo ni afadhali kupakua riwaya nzima na kufungua barua ya kumi na moja moja kwa moja. Hapo mpiga fidla kipofu anasimulia yaliyompata babu yake, Steenie, mpangaji wa shamba aliyempelekea bwana mkubwa kodi yake, na bwana huyo akafa kwa uchungu mkali kabla ya kumwandikia stakabadhi. Mrithi anaidai kodi upya, mfuko wa fedha hauonekani, na shahidi hakuna. Usiku huo Steenie anakutana msituni na mgeni asiyemjua, naye anamfikisha kwenye jumba ambamo marehemu ameketi na wenzake waliokufa zamani, wakila, wakinywa na kucheka. Anakaribishwa chakula, anakataa. Anaombwa apige zumari, lakini anatazama na kuona kwamba chuma chake kimepashwa moto hadi kikawa cheupe, naye anajiepusha nalo kwa adabu. Hakuja kula wala kutumbuiza. Anachotaka ni stakabadhi yake tu, na anapoipata inakuwa na tarehe ya siku hiyohiyo. Mpangaji yeyote wa Nyalenda au Manyatta aliyewahi kulipa kodi ya nyumba bila kupewa risiti ataisoma sehemu hii huku moyo ukimdunda. Sitaeleza fedha zilipatikana wapi. Nitasema tu kwamba Scott anampa msomaji maelezo ya kawaida kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono wa pili, na kwamba sauti ya yule kipofu haitetereki tangu mwanzo hadi mwisho.

Sauti ya msimuliaji ndiyo nguvu ya hadithi hizi, na ndiyo inayoleta ugumu. Robert Louis Stevenson, aliyezaliwa Edinburgh mwaka wa 1850 na kufariki Samoa mwaka wa 1894, aliiandika "Thrawn Janet" kwa Kiskoti cha wanakijiji, na msomaji aliyejifunza Kiingereza cha shuleni atakwama katika aya za mwanzo za simulizi yenyewe. Nashauri isomwe kwa sauti, kwa kuwa maneno mengi yanayoonekana mageni machoni hutambulika yanapotamkwa. Anayetaka njia nyepesi aanze na "The Bottle Imp" ya mwaka wa 1891, iliyomo katika mkusanyiko wa Island Nights' Entertainments. Keawe wa Hawaii ananunua chupa yenye pepo anayetimiza matakwa, kwa masharti kwamba lazima iuzwe kwa bei ya chini kuliko iliyonunuliwa, na anayekufa nayo mkononi huenda jehanamu. Bei inaposhuka hadi senti moja ya Kimarekani, mkewe anakumbuka kwamba Wafaransa wana sarafu ndogo zaidi, nao wanasafiri hadi Tahiti. Ningempa mwanafunzi yeyote wa sekondari hadithi hii, kwa sababu hesabu ya biashara ndiyo inayoibana roho ya mtu. Inafaa pia kutaja kwamba ilichapishwa mapema kwa Kisamoa, hivyo watu wa Bahari ya Pasifiki waliisoma kwa lugha yao.

"The Two Drovers" ya Scott, ya mwaka wa 1827, inahusu wachungaji wawili wanaopeleka ng'ombe mnadani, marafiki wanaogombania malisho hadi damu inamwagika. Wanaojua njia za ng'ombe hawatahitaji maelezo zaidi.

Mapengo yanaanzia karne ya 20. Maktaba hii hufuata sheria ya hakimiliki ya Marekani, kwa hiyo usitarajie kumpata humo Muriel Spark, aliyewahi kuishi Rhodesia Kusini na ambaye hadithi yake "The Seraph and the Zambesi" ilishinda shindano la gazeti la Observer mwaka wa 1951. Ninayemkosa zaidi ni George Mackay Brown wa Stromness, katika visiwa vya Orkney, aliyeandika kuhusu wavuvi na wakulima wadogo kwa sentensi fupi zilizo safi kabisa. Wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini huenda wakawa na nakala ya mmoja wao, lakini hilo ni suala la bahati. Ningependa maktaba za umma za Nyanza zinunue angalau A Time to Keep, mkusanyiko wa Brown wa mwaka wa 1969, kwa sababu vijana wa Dunga na Usenge wanaokwenda ziwani usiku wangewatambua watu wake kwa majina ya kazi zao.