Kambi ya Kasi Kaskazini mwa Texas: Mkufunzi Hodari, Saa ya Kutiliwa Shaka

Mwezi Juni nilimpeleka mwanangu wa miaka 16 kwenye kambi ya siku moja ya mazoezi ya kasi, nje kidogo ya Dallas, inayojinadi kuwa inawaandaa vijana wa sekondari kwa macho ya makocha wa futiboli ya Marekani wa vyuo vikuu. Ada ilikuwa dola 120, na kwa fedha hiyo tuliahidiwa mafunzo ya saa nne, kipimo cha mbio za yadi 40, yaani karibu mita 36.6, pamoja na cheti cha matokeo.

Mimi nilikulia Mwanza nikijua mpira wa aina moja tu, hivyo ilinichukua muda kuelewa kwa nini wazazi hapa hulipia mbio kana kwamba wanalipia karo. Kocha wa chuo kikuu hasajili kijana mmoja mwenye mbio. Anataka kikosi kizima chenye mbio, tangu washambuliaji hadi walinzi. Jimmy Johnson, aliyeifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Miami kuanzia 1984 hadi 1988 na kutwaa ubingwa wa msimu wa 1987, alikuwa akiwachukua vijana waliocheza ulinzi wa nyuma kabisa wakiwa sekondari na kuwasogeza safu ya kati, na wa safu ya kati akawapeleka mstari wa mbele. Walikuwa wepesi wa mwili kuliko walivyozoeleka wachezaji wa nafasi hizo, lakini mbeba mpira alipojaribu kuzungukia pembeni alikuta njia imekwisha zibwa. Uzito huongezwa mezani na kwenye chumba cha vyuma, ilhali kasi, kwa sehemu kubwa, kijana huja nayo kutoka nyumbani.

Upande wa mafunzo sina lawama. Mkufunzi wetu, mkimbiaji wa zamani wa mbio fupi, alitumia karibu saa nzima kwenye yadi 10 za kwanza tu. Alipogundua kwamba mwanangu hunyanyua kichwa mapema na kusimama wima kabla mwili haujashika mwendo, alimpa mpira wa tenisi aubane chini ya kidevu, na kila ulipodondoka kabla ya hatua ya nne alirudishwa mwanzo. Ulidondoka mara nyingi. Kufikia saa sita mchana ulikuwa haudondoki tena.

Tatizo lilikuja kwenye kipimo. Kijana mmoja alisimama mwisho wa mstari na saa ya kubonyeza kwa kidole, akampa mwanangu sekunde 4.52. Wiki iliyofuata alipimwa kwa mtambo wa miale ya leza akapata 4.74. Sababu inaeleweka: mwenye saa hubonyeza baada ya kuona mkimbiaji ameshaondoka, lakini mwishoni humwona akija na kidole humtangulia, hivyo muda hupungua kwa takriban sehemu mbili za kumi ya sekunde. Mwaka 2024 Xavier Worthy, aliyetokea Chuo Kikuu cha Texas, alikimbia kwa 4.21 na kuivunja rekodi ya John Ross ya 4.22 iliyowekwa 2017 kwenye majaribio ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani. Sijui ni kidole gani kingeweza kuiona tofauti hiyo. Isitoshe, makocha hutazama pia matokeo ya mita 100 ya mashindano ya shule, yanayopimwa kwa mitambo, na cheti kinachopingana nayo humfanya kijana aonekane mwongo.

Nilipouliza, nilijibiwa kwa adabu kwamba kambi zote hupima hivyo. Vilevile sikuelewa kwa nini vijana wa mstari wa mbele, wengine wakizidi kilo 130, walikimbizwa yadi 40 zote juani, wakati kazi yao uwanjani huisha ndani ya hatua chache na wangefaidika zaidi kupimwa yadi zile 10. Maji yalitosha, kivuli hakikutosha.

Natoa nyota tatu kati ya tano, zote za mkufunzi. Kwenye fomu anazowatumia makocha mwanangu ameandika 4.74, cheti kipo kwenye droo, na mpira wa tenisi bado anaubana kila jioni nyuma ya nyumba.