Captagon mpakani: Saudia ilifunga, Jordan ikazungumza

Aprili 2021 Saudia ilipiga marufuku matunda na mboga za Lebanon baada ya vidonge zaidi ya milioni 5 vya Captagon, dawa ya kulevya ya kuchangamsha mwili, kukamatwa bandarini Jeddah, vikiwa vimefichwa ndani ya makomamanga. Oktoba mwaka huohuo, ugomvi wa kisiasa ulipochacha, bidhaa zote za Lebanon zikazuiwa. Njia hii ni ya haraka na inauma. Ila aliyeumia zaidi ni mkulima, wala si mwenye mzigo.

Jordan ilishika njia nyingine. Ilifungua tena kituo cha mpakani cha Jaber–Nasib na Syria Oktoba 2018, kwa kuwa malori yake yanahitaji barabara ile kufika Lebanon. Magendo hayakukoma: Januari 2022 jeshi la Jordan liliua wasafirishaji 27 kwa siku moja. Hata hivyo Mei 2023 mawaziri wa Jordan, Saudia, Iraq, Misri na Syria walikutana Amman, na Syria ikakubali kushirikiana na Jordan na Iraq dhidi ya dawa hizo. Utekelezaji ulisuasua.

Kwangu, ya Jordan ina nafuu: anayefunga mlango hupoteza hata wa kumuuliza.