Uzoefu wangu na kipimo cha rifleksi ya sikio: wameandika "uzee", wakafunga faili

Karatasi ya majibu ya mama yangu ninayo hapa. Timpanogramu ya masikio yote mawili, yaani mchoro wa jinsi ngoma ya sikio inavyocheza shinikizo la hewa likibadilishwa, safi kabisa, kilele kimekaa karibu na sifuri. Chini yake jedwali la rifleksi, ule mvuto wa msuli wa sikio sauti kubwa ikiingia: visanduku 16, vyote vitupu, na neno moja limeandikwa kwa kalamu: "uzee". Mpimaji, binti ambaye hata shikamoo hakumpa mama, alimalizia kwa kusema, "Wazee hii hawana."

Hawana? Nani kamwambia?

Kazi yenyewe inafanywa na kamsuli kalikoshikamana na kikuku, kile kifupa kinachofuata nyundo na fuawe. Sauti kubwa ikiingia, taarifa hupita koklea (konokono ya sikio la ndani) na neva ya nane hadi shina la ubongo, inarudi kwa neva ya saba, msuli unavuta. Vifupa vinakazika, na mashine inauona mkazo huo kama mstari unaozama kidogo kwenye skrini. Kwa toni za hezi 500, 1000 na 2000, sikio zima huanza kuitikia kati ya desibeli 70 na 100, mara nyingi kwenye 85 hivi. Umri peke yake hausogezi sana kiwango hicho. Kinachopanda kwa wazee ni kiwango cha mvumo wa masafa mengi, ule unaofanana na redio isiyoshika stesheni. Na mvuto wenyewe hupungua nguvu: mstari unazama kidogo kuliko wa kijana. Kuzama kidogo si kutokuzama, dada yangu.

Usikivu wa mama kwenye toni hizo ni desibeli 35 hadi 45 (namba ikipanda, usikivu umepungua). Udhaifu wa koklea wa kadiri hiyo huwa hauui rifleksi. Angekuwa na 80, ningenyamaza na kulipa. Safu ya hezi 4000 pia siilalamikii, maana hata vijana wenye masikio mazima huikosa.

Sasa tazama alichofanya. Alikomea desibeli 90 "nisimuumize bibi". Hapo nampa haki yake nusu, kwa sababu ukivuka 110 unacheza na masikio ya mtu. Lakini kutoka 90 hadi 100 bado kuna hatua mbili za desibeli tano tano, na huko rifleksi bado inaweza kupatikana. Kisha kigezo cha mashine, yaani mzamo mdogo kabisa unaohesabiwa kuwa rifleksi: kwenye karatasi kimechapwa mililita 0.05. Kwa mvuto hafifu wa mtu wa miaka 70 na kitu, hicho ni kichujio cha kokoto unachochungia unga. Weka 0.02, rudia kila kiwango mara mbili, mzamo ukitokea mahali palepale umeupata. Na umwambie asimeze mate wala asisogeze taya. Mama alikuwa anamumunya tangawizi muda wote, mstari unaruka kama panzi, binti anaangalia simu.

Kwenye sikio la upande wa pili, lile lililopewa sauti huku jingine likipimwa, alimvalisha hedifoni za kubana. Gegedu la mlango wa sikio la mzee limelegea. Ukilibana, tundu linajikunja na sauti inaishia nje. Dawa yake ni visikizi vya kuchomeka ndani ya tundu. Vilikuwa vinaning'inia ukutani, vina vumbi.

Naudhika hivi kwa sababu visanduku vitupu, timpanogramu ikiwa nzuri na usikivu ukiwa umepungua kidogo tu, ni jambo la kufuatiliwa. Huenda kikuku kimeganda kwa mfupa uliokua pembeni yake, huenda neva ya saba ina hitilafu, huenda kuna uvimbe kwenye neva ya nane. "Uzee" si mojawapo ya majibu hayo.

Nyota moja. Ndivyo nilivyokuwa nimeandika mwanzoni.

Halafu tulirudi, akatupokea mzee mmoja mpole. Shikamoo mama, karibu mama, tema hiyo tangawizi. Akachungulia tundu kwa tochi kutafuta nta kavu, akabadilisha kipira cha probu (kile kifaa cha kupimia kinachoingia sikioni) mara mbili hadi shinikizo likatulia, akapeleka hewa pale pale penye kilele, akashusha kigezo. Hezi 500 ikaitika kwenye 95. Hezi 1000 kwenye 95. Hezi 2000 kwenye 100, mzamo mwembamba, lakini ukajirudia. Akashikilia toni ya 500 kwa sekunde 10 kwenye 105, yaani kumi juu ya kiwango, aone kama mvuto utaanguka chini ya nusu. Haukuanguka. Kwenye 4000 akaandika "haikuonekana hadi 100", basi. Nikafuta ile moja, nikaweka nne. Moyoni nilikuwa nimeshampa tano.

Tukafika mapokezi. Walidai hela ya kipimo kizima kwa mara ya pili, na risiti imeandikwa "kurudia kwa ombi la mteja".

Ombi la mteja! Nyota moja, na hiyo moja ni ya yule mzee, msigawane.