Darasa la utani wa mpira kwa Kiholanzi: nimemchapa shemeji, naye akanirudishia

Shemeji yangu ni Mholanzi wa Amsterdam, kamuoa mdogo wangu, na ni shabiki damu wa timu ya Ajax. Yanga walipotufunga sisi Simba 5-1 Novemba 2023, mdogo wangu (Yanga huyo, Mungu amsamehe) alimfundisha neno moja tu: "tano". Tangu hapo kila akipiga simu ya video ananinyanyulia kiganja. Mimi niko zangu Kibirizi, Kigoma, nageuza dagaa juani, nabaki kucheka huku roho inauma.

Ndipo nikalipia darasa hili la WhatsApp. Wiki 2, shilingi 15,000, unatumiwa sauti kila jioni na kijitabu cha PDF. Mwalimu ni Mtanzania mwenzetu aliyewahi kuishi huko.

Sauti ndizo zilizonifanya nisijutie hela yangu. Siku ya kwanza alitutisha kwamba g ya Kiholanzi inatoka kooni na itatutoa jasho. Sisi tuliokulia madrasa za Ujiji wala haikututoa: ni kh ya kheri, basi. Kazi iko kwenye ui na eu. Kuotea wanaita "buitenspel", na hiyo "bui" niliirudia mpaka mama wa meza ya jirani akaniuliza kama nimekwamwa na mwiba.

Maneno yenyewe ni matamu. Mshambuliaji butu wanamwambia hawezi kubonyeza hata pakiti ya siagi kwa shuti: "geen deuk in een pakje boter". (Kwa jua la Kigoma siagi inabonyea yenyewe, lakini tuendelee.) Beki mbovu "zo lek als een mandje", inavuja kama kikapu. Hilo sikuhitaji kufafanuliwa. Ukishinda kwa tabu umepita "met de hakken over de sloot", yaani umeruka mtaro visigino vikachungulia maji.

Kijitabu ndicho kimeniudhi. "Helaas pindakaas" wameandika "pole, siagi ya karanga" halafu wakaishia hapo. Sasa mtu atacheka nini? Utamu wake ni vina, helaas na kaas, kama vile sisi tunavyopachika neno lolote ilimradi liimbike. Nililijua hilo baada ya kumuuliza mwalimu mwenyewe.

Jambo jingine: onyo la matusi limewekwa somo la mwisho, lingekuwa la kwanza. Waholanzi wakichafukwa uwanjani hutukana kwa magonjwa: saratani, kifua kikuu, taifodi. Sisi mtani anaweza kuja msibani akamcheka hata marehemu, ila kumtakia mtu saratani kwa sababu ya mpira, hapana. Ningeyaokota mtandaoni na kuyasema mbele ya mama mkwe wa mdogo wangu, ingekuwaje?

Jumapili simu ikaita. Kiganja juu, "tano!" Nikaweka chekeche chini, nikajifuta mikono kwenye kanga. "Negen punten, shemeji. Helaas pindakaas." Pointi 9. Mwaka 2025 Ajax walikuwa mbele kwa pointi hizo, mechi 5 zimebaki, na ubingwa wa ligi ya Uholanzi ukaenda kwa wapinzani wao PSV. Kiganja kikashuka polepole. Nyuma yake nikamsikia mdogo wangu anapiga kigelegele, msaliti.

Kisha shemeji akaanza kujibu. Akajibu kwa kasi, dakika nzima, nikaambulia "koekenbakker" peke yake. Kijitabuni halimo. Nikabaki nimetoa macho kama mgebuka sokoni, na utani ukafia hapo hapo. Darasa zima linakufundisha kurusha, kudaka hakuna hata somo moja.

Nimemwandikia mwalimu. Koekenbakker kumbe ni mwoka biskuti, wanamwita hivyo mtu anayeboronga. Masomo ya majibu anayo, anasema, ila ni 10,000 nyingine. Nimemwomba anisubiri niuze magunia haya mawili.