Kwa Mashua Hadi Takwa Pamoja na Watoto Wadogo

Jumamosi iliyopita tulikodi mashua kwenye gati ya Lamu kwa safari ya nusu siku hadi magofu ya Takwa, kisiwani Manda, tukiwa na binti yetu wa miaka 6 na mdogo wake wa miaka 3. Tulikubaliana na nahodha shilingi 4,500 kwa mashua nzima. Kiingilio cha magofu hulipwa kando. Ninaiandikia huduma hii kwa kirefu kwa sababu wazazi wengi wa mjini hudhani safari hizi ni za watalii, ilhali watoto wetu wanakua wakiitazama mikoko ng'ambo ya maji bila ya kuigusa.

Jambo la kwanza lililonipa imani ni kwamba nahodha aliikataa saa tuliyoitaka sisi. Mkono wa bahari unaoelekea Takwa hukauka maji yakipwa, hivyo mashua huingia maji yakiwa yanajaa na hulazimika kutoka mapema, na kwa kuwa maji hukawia kwa takriban dakika 50 kila siku, saa iliyomfaa jirani yako juma lililopita haitakufaa wewe. Muulize nahodha kwanza, ndipo uwaahidi watoto.

Tulipoingia mikokoni alizima mashine, akashika pondo, na tangu hapo mwendo ukawa wa watoto. Aliisogeza mashua kando ya mchu, mti wa jamii ya mikoko, akachuma jani moja na kumpa binti yangu: "Hebu lilambe, mwanangu." Binti akalilamba, akakunja uso, akalilamba tena. Lilikuwa na chumvi, kwa kuwa mchu hukua kwenye maji ya bahari na huitoa chumvi kupitia majani yake. Mdogo wake alikuwa ameshughulika na kaa waliopanda mashinani kuyakimbia maji; kila alipowanyooshea kidole walizunguka upande wa pili wa shina, naye akacheka mpaka akapaliwa. Kisha nahodha akaokota mche wa mkoko uliokuwa ukielea, mrefu na wa kijani kama fimbo, akawaeleza kwamba mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti wake, ndipo mche hudondoka na kuchukuliwa na maji hadi upate tope la kujishikiza. Alipowaambia kwamba boriti za dari za nyumba za kale za Lamu ni miti hii hii, binti alitaka kujua kama boriti za chumbani kwa bibi yake nazo zililamba chumvi. Nahodha alilijibu swali hilo kwa uzito wote, na subira ya namna hiyo ndiyo iliyonifanya niridhike na fedha niliyolipa.

Takwa yenyewe, mji ulioachwa katika karne ya 17, haikuwashika watoto kwa muda mrefu. Waliuzunguka mbuyu, wakachungulia msikitini, wakataka kurudi kwa kaa wao.

Nina malalamiko mawili, na la kwanza ni zito. Majaketi ya kuokolea yaliyokuwa chomboni yalikuwa ya watu wazima pekee. Lile alilovishwa mwanangu lilimpanda hadi masikioni, na nilipolivuta juu kidogo lilimchomoka lote, kwa hiyo nilimpakata safari nzima. Anayetangaza safari za familia hana budi kuwa na majaketi ya watoto, na mzazi ayaone kwa macho yake kabla ya kulipa. La pili, mashua haikuwa na turubai, na tuliporejea mnamo saa nne na nusu jua lilikuwa limekwisha kuwachosha watoto. Leso niliyojitanda ndiyo iliyowafunika.

Nahodha aliyasikiliza yote mawili bila ya kubisha, akasema turubai analo nyumbani. Tumepanga kwenda naye tena mwezi ujao, endapo majaketi madogo yatakuwa yamepatikana.