Mapokezi ya wanafunzi wageni chuoni kwetu Ujerumani: ukiwahi unabebwa, ukichelewa unahangaika mwenyewe

Kuna swali linarudi kila mwaka ikifika mwezi wa nane, watu washapata admisheni Ujerumani wanauliza hii wiki ya kupokea wanafunzi wageni ni lazima kwenda au ni mambo ya kupiga picha na kugawiwa begi la kitambaa. Mimi niko huku nasoma masta, chuo cha serikali, mji wa saizi ya kati upande wa mashariki, na mapokezi yao nimeyapitia yote kuanzia imeili ya kwanza mpaka kadi ya kibali cha kuishi, kwahiyo naandika nilichokiona. Jina la chuo naliacha, maana kuna sehemu nitawasema na ninachotaka ni anayekuja ajue cha kudai, chuo chochote atakachokuwa.

Nyota zangu kwanza kwa wenye haraka: badi, yaani mwanafunzi wa zamani anayekupokea, nyota 5, wiki yenyewe ya semina nyota 3, jinsi wanavyowapokea waliochelewa nyota 1. Hiyo ya mwisho ndo iliyonifanya nikae chini niandike.

Tuanze na badi. Ukishakubali nafasi chuo kinakutumia fomu, unajaza unasoma nini, unaongea lugha gani, unafika lini, alafu wanakuunganisha na mwanafunzi wa zamani anayejitolea, halipwi. Wa kwangu alikuwa dada wa mwaka wa nne, mwenyeji wa hapahapa. Nikamwandikia nafika Jumamosi jioni, akanijibu palepale kwamba ofisi ya funguo za hosteli inafungua siku za kazi tu na kwa masaa machache, ukija Jumamosi utalala hoteli mpaka Jumatatu. Akanitumia karatasi ya Vollmacht, yaani barua ya kumruhusu achukue kwa niaba yangu, nikaiprinti stesheneri pale Mwenge, Dar, nikasaini, nikaiskani nikamrudishia na kopi ya pasi, na Alhamisi yake akaenda akanichukulia. Nashuka kwenye treni usiku ule na masanduku yangu, sijui kushoto wala kulia, namkuta kwenye platifomu amesimama funguo ziko mkononi. Aisee nilishukuru sana.

Hatukwenda hosteli moja kwa moja, alinipitisha supamaketi kwanza kwa sababu Jumapili huku maduka yanafungwa, nikanunua mchele, mayai, vitunguu, mafuta, mkate. Tulivyofika mlangoni, kabla hata ya kupandisha mizigo, akatoa kipande cha karatasi na selotepu kwenye pochi yake, akaandika jina langu la ukoo kwa herufi kubwa akalibandika kwenye sanduku la barua pale chini. Nikamuuliza haraka ya nini. Akanieleza kwamba huku kila kitu kinakuja kwa posta, kadi ya benki kwa barua yake, namba ya siri ya hiyo kadi kwa barua nyingine siku nyingine, kadi ya bima, namba ya mlipa kodi, vyote, na mtu wa posta asipoona jina lako kwenye sanduku barua inarudi ilikotoka. Sisi tumezoea S.L.P. ya kazini kwa mzee au ya shule, hili jambo hata uwaze vipi halikujii, na kwenye slaidi zao zote za wiki ile halikuwepo.

Sasa makaratasi. Hapa ndo ujue badi ana thamani kiasi gani, kwa sababu kila karatasi inasubiri nyingine. Ukihamia kwenye nyumba sheria inakupa wiki 2 uwe umeenda ofisi ya mji kujiandikisha, ndo hiyo Anmeldung utakayoisikia kila kona, na huwezi kuifanya bila karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli unaishi pale. Benki nyingi zinataka hiyo Anmeldung ndo zikufungulie akaunti ya kawaida. Na bila akaunti ya kawaida ile hela ya Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa ya kuonyesha kwenye viza kwamba una hela ya kuishi, zile euro 11,904 ambazo familia nzima imekaa vikao kuzikusanya, ni zaidi ya milioni 30 za kwetu, haitoki, na ikianza kutoka inatoka euro 992 kwa mwezi basi, hata uwe na shida gani. Huku nyuma viza uliyoingilia ni ya miezi michache tu, inabidi uwahi kuomba miadi ya kibali cha kuishi na miadi yenyewe miji mingine ni ya kusubiri sana. Kwahiyo ukikwama kwenye karatasi ya kwanza umekwama kote, unakaa na hela yako benki huku unakopa nauli.

Dada alikwenda na mimi ofisi ya mji. Yule mama wa dirishani hakuwa mkali ila Kiingereza hakuwa nacho, na kwenye fomu kuna sehemu wanauliza dini. Mimi ni Mlutheri, KKKT, kanisa ambalo kwetu mbegu yake ilipandwa na wamisionari wa hukuhuku, nikashangaa ofisi ya serikali inataka kujua hilo kwa ajili gani. Badi akanieleza taratibu, kwa upole, kwamba huku kanisa linakatiwa kodi na serikali kwenye mapato ya waumini wake, mkoa wetu ni asilimia 9 ya kodi ya mapato yako, sio ya mshahara wote, na kama kipato ni kidogo hakifiki kwenye kodi ya mapato basi na ya kanisa hakuna. Akasema ni uamuzi wako, mimi nakwambia tu ujue unachosaini. Nikaandika nilivyo. Kwangu kukaribishwa ni kule, mtu anakupa habari kamili alafu anakuachia uamuzi wako, na wala hakunijazia fomu kama mtoto.

Wiki yenyewe ya semina. Inakuwa wiki moja kabla vipindi havijaanza, semesta ya winta kwenye makaratasi inaanza tarehe 1 Oktoba ila vipindi ni katikati ya mwezi. Mko ukumbini mamia, siku ya kwanza asubuhi hotuba, alafu maktaba, alafu bima, alafu kibali, alafu usalama wa moto, alafu takataka zinavyotenganishwa, yote mpaka saa tisa mchana na mtu ametoka kwenye ndege juzi. Nimewaona watu wanasinzia kabisa na siwalaumu. Kutembezwa mji kulikuwa kuzuri, jioni ya chakula nzuri pia, na waliweka vibao kwenye kila sinia kuonyesha wapi kuna nguruwe na wapi hakuna, Waislamu wakala bila wasiwasi.

Kipindi kilichonifaa kuliko vyote kiliendeshwa na wanafunzi wenyewe wa zamani, chumba kidogo, watu kama ishirini hivi, maswali kwa sana. Pale ndo nikajua maksi za huku zinakwenda kinyume na zetu. Kwetu UDSM mtu mwenye GPA ya 4.4 kwenda 5 anabeba first class na shuleni kwao wanamfanyia sherehe, huku 1.0 ndo bora kabisa, 4.0 umepita kwa shida, 5.0 umefeli. Pale pia wakatuambia ukiona ratiba imeandikwa saa fulani alafu pembeni c.t. maana yake kipindi kinaanza dakika 15 baada ya hiyo saa, ukiona s.t. ni saa ileile kamili. Na kubwa kuliko yote, kujiandikisha kwenye kozi hakukuandikishi kwenye mtihani, mtihani unajiandikisha kivyake kwenye mfumo na una tarehe yake ya mwisho, ikipita imepita, unaweza kuhudhuria semesta nzima hukosi hata siku moja alafu mwisho hufanyi pepa. Kitu kizito namna hii kilitakiwa kiwe cha kwanza asubuhi ukumbini, watu wote wasikie, sio kwenye kachumba cha hiari jioni wakati nusu washaondoka.

Kwenye bima ya afya ndo nawakata nyota. Makampuni yalikuja na meza zao, kalamu za bure, vijana wenye tabasamu, lakini hakuna aliyesimama mbele akasema wazi kwamba bei nafuu ya mwanafunzi kwenye bima ya umma ni kwa walio chini ya miaka 30. Wajerumani wengi wanafika masta wakiwa na miaka ishirini na kidogo, sisi wengi tunafika baada ya kufanya kazi, kulea wadogo zetu, kutafuta hela, kuna kaka alikuwa na 33 alijua habari hii mezani pale akiwa na kalamu ya bure mkononi, bajeti yake yote ikavurugika. Na kwa ambao hawajafika 30 kuna mtego mwingine: ukijitoa kwenye bima ya umma mwanzoni ukaenda ya binafsi kwa sababu imeonekana rahisi, huwezi kurudi kwenye ya umma mpaka umalize masomo hayo. Hilo ni la kuambiwa ukiwa bado uko nyumbani hujasaini chochote.

Haya, waliochelewa.

Rafiki yangu wa Mwanza alipata admisheni siku moja na mimi, tukaomba viza karibu pamoja, yangu ikatoka yake ikakaa. Imetoka Novemba. Anafika, wiki ya mapokezi ishapita, orodha ya mabadi imefungwa, semina za vikundi zimejaa, ofisi ikamtumia pdf ndefu na maneno kwamba mapokezi yanayofuata ni Aprili. Aprili! Mtu yuko stesheni leo. Saa kumi jioni kushaingia giza, baridi ile ya kukata masikio, na ofisi ya funguo imefungwa. Alilala chumbani kwangu chini kwenye godoro la kuazima mpaka tukampatia chumba chake, na yote niliyofanyiwa na yule dada, sanduku la barua, Anmeldung, benki, nikamfanyia mimi nikiwa katikati ya vipindi vyangu na Kijerumani changu cha kuunga unga. Mtihani mmoja ulimpita kwa sababu hakuna aliyemwambia habari ya kujiandikisha, na siku aliyoniambia mimi mwenyewe, tarehe ilikuwa ishakwenda.

Sasa jiulizeni kidogo, nani anayechelewa? Mwanafunzi wa nchi za Umoja wa Ulaya hahitaji viza, anapanda treni tu. Mmarekani, Mkanada, Mjapani, Mkorea Kusini, Mwaustralia, hao wanaruhusiwa kuingia bila viza na kuomba kibali wakishafika. Anayesubiri viza kwao ni sisi, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Wanigeria, Wahindi. Maana yake mapokezi yanawafikia kwa ukamilifu wale ambao njia yao ilikuwa nyepesi, na wale ambao njia yao ilikuwa ngumu kuliko wote ndo wanapewa pdf. Sidhani kama kuna mtu ofisini alikaa akapanga iwe hivo, wale watu wana roho nzuri nawajua, lakini ndivyo inavyotokea kila mwaka na inaniuma kila mwaka.

Na wala sio jambo la gharama. Chuo kinajua nani yuko njiani kwa sababu anayechelewa anaandika kuomba aongezewe muda wa kujisajili, majina wanayo tayari. Wawabakize mabadi kumi tu mpaka Desemba. Kile kipindi cha wanafunzi wa zamani wakirudie mwishoni mwa Novemba, jioni moja, chumba kilekile. Ile habari ya bima na ya mitihani waitume kwenye imeili ya admisheni, ukurasa mmoja. Kwa sasa hivi kazi hii inafanywa na grupu letu la WhatsApp la Waafrika Mashariki, tunagawana zamu, huyu anachukua funguo, huyu anaenda stesheni, huyu ana sufuria ya ziada na blanketi, na tunaifanya kwa moyo, ila sisi ni wanafunzi, tuna pepa, na wengine wanafanya kazi usiku.

Wewe ambaye umesoma mpaka hapa na viza bado haijatoka, usinyamaze kusubiri. Iandikie ofisi ya kimataifa ya chuo leo, uwaulize kwa maandishi tarehe ya mwisho kabisa ya kujisajili ni ipi, kwa sababu vyuo vingine ikipita hata ukifika na viza mkononi hawakupokei. Waulize kama nafasi yako inaweza kusogezwa semesta inayofuata na wanataka barua gani. Omba badi kwa neno hilohilo, "buddy", wakikwambia orodha imefungwa omba wakuunganishe na chama cha wanafunzi wa Kiafrika, miji mingi yenye chuo kipo. Ukipata mtu wa kukupokea mtumie Vollmacht na kopi ya pasi mapema. Na tiketi ukikata, hata kama ya Ijumaa ni nafuu kidogo, kata ya kufika Jumatatu mpaka Alhamisi na iwe asubuhi, maana Ijumaa mchana ofisi nyingi za funguo zinakuwa zishafungwa.